Tuamini Maumivu, Tupime Dawa



Kuna kosa ambalo sisi walimu tumelitenda mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri: kumwambia mtu anayeteseka kwamba hateseki. Katika miaka ya kwanza ya ualimu wetu tulikuwa na mvulana wa mwaka wa tano wa shule ya msingi aliyekuwa akishikwa na homa kwa siku tatu, akapata nafuu, akacheza mpira na wenzake, kisha baada ya juma moja akaanguka tena. Nyumbani walimpa dawa ya malaria. Homa ikaondoka na kurudi. Sisi tulizihesabu siku alizokosa, tukaona kwamba baadhi yake ni siku za mitihani, na mbele ya darasa zima tukamwita mvivu. Hakujibu neno. Baadaye mwuguzi mmoja mwenye bidii alilitazama tone la damu yake kwa hadubini wakati homa ikiwa juu, akaona vidudu vyembamba vilivyojisokota kama uzi. Ilikuwa homa ya papasi, ambayo wengi huijua kwa jina la kimputu, inayoletwa na kupe wanaojificha katika nyufa za nyumba za udongo na kuwauma watu usiku. Alipewa dawa iliyofaa, akapona. Lakini neno letu halikumtoka upesi kama homa ilivyomtoka.

Tumelikumbuka kosa hilo tuliposoma habari za ugonjwa mwingine wa kupe, ulio mbali nasi, ambao kwa miaka mingi umewagawanya madaktari na wagonjwa wa Marekani na Ulaya. Unaitwa ugonjwa wa Lyme. Kupe wanaoueneza huishi katika misitu na majani ya nchi zenye baridi, nasi hatuna sababu ya kuuogopa vijijini mwetu. Lakini ugomvi uliozaliwa nao unatuhusu, kwa kuwa chini yake liko swali ambalo kila familia yetu inalifahamu: mtu asiyepona atendewe nini, na anayemwahidi uponyaji aaminiwe kwa kipimo gani?

Mama mwenye daftari

Lyme ni mji mdogo katika jimbo la Connecticut, Marekani. Huko aliishi Polly Murray, mama wa familia. Kwa miaka mingi aliumwa viungo, alitokwa na vipele, alichoka bila kufanya kazi kubwa. Watoto wake na mumewe nao wakaanza kuugua. Alikwenda kwa daktari huyu na yule. Vipimo havikuonyesha kitu, na baadhi yao wakamwashiria kwamba shida iko akilini mwake. Mama huyo hakukata tamaa, wala hakukimbilia kwa wauza miujiza. Alichukua daftari akaandika: nani anaumwa, tangu lini, wapi, kwa dalili gani. Aliwauliza majirani, akaona kwamba watoto wengi wa sehemu hiyo wamevimba magoti.

Mwaka 1975 yeye na mama mwingine, Judith Mensch, waliwapelekea wakuu wa afya wa jimbo habari hizo. Daktari kijana wa Chuo Kikuu cha Yale, Allen Steere, alitumwa kuchunguza. Alisikiliza, akalipokea orodha ya majina, akaenda kuwatazama wagonjwa mwenyewe. Mwaka 1977 yeye na wenzake walichapisha habari za watu 51, watoto 39 na watu wazima 12, wenye ugonjwa wa viungo ambao haukuwa umeelezwa hivyo kabla. Akina mama walikuwa wamesema kweli.

Kilichobaki ni kumjua mleta ugonjwa, na hapo, vijana, njia inapita katika nchi yetu. Mwaka 1905, wakati Kongo ikiwa bado chini ya mfalme Leopold II, daktari Mwingereza Joseph Everett Dutton alifia Kasongo, katika Maniema. Yeye na mwenzake John Lancelot Todd walikuwa wakichunguza homa ya papasi, na wote wawili waliambukizwa. Todd alipona; Dutton alikufa akiwa na umri wa miaka 30. Kidudu cha homa hiyo kikapewa jina lake. Miaka mingi baadaye mwanafunzi wa Basel, Uswisi, Willy Burgdorfer, aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya kidudu hichohicho na jinsi kinavyoishi ndani ya papasi. Kisha akahamia Marekani. Mwaka 1981, alipokuwa akipasua kupe waliotoka katika jimbo la New York akitafuta kitu kingine, aliona ndani yao nyuzi zilizojisokota. Aliyejifunza papasi wa Afrika hakushindwa kuzitambua. Hizo ndizo bakteria za ugonjwa wa Lyme, nazo zikapewa jina lake, kama zile za kwetu zilivyopewa jina la Dutton. Maarifa yaliyogharimu uhai wa mtu Kasongo yaliwafaa watoto wa Connecticut.

Wanaopona na wasiopona

Tueleze kwa ufupi. Kupe huyo akiwa mchanga ni mdogo kuliko punje ya mtama, na kwa kawaida anapaswa kukaa mwilini zaidi ya siku nzima kabla ya kuambukiza. Wengi wa walioambukizwa hutokwa na wekundu unaopanuka taratibu kuzunguka mahali walipoumwa. Mtu akipewa antibiotiki mapema, kwa siku 10 hadi majuma machache, mara nyingi hupona kabisa. Wakuu wa afya wa Marekani wanakadiria kwamba watu wapatao 476,000 hutibiwa ugonjwa huo kila mwaka nchini mwao.

Lakini si wote wanaosimama. Wachache, wanaokadiriwa kuwa 5 hadi 10 kati ya mia, hubaki na uchovu mzito, maumivu ya misuli na viungo, na akili inayoshindwa kukaa mahali pamoja. Hali hiyo huweza kudumu miezi, hata zaidi. Wataalamu bado wanatafuta sababu: pengine kinga ya mwili imeendelea kupigana vita iliyokwisha, pengine mabaki ya bakteria yangali yanauchokoza mwili, pengine mishipa ya fahamu imezoea kulia hata jeraha likiisha, pengine bakteria chache zimebaki. Pamoja nao wako watu wengine wengi walioambiwa kwamba wana "Lyme sugu" bila kipimo chochote kuthibitisha kwamba waliwahi kuambukizwa. Maumivu yao ni ya kweli, ila huenda jina waliloyapa si lake.

Hapa ndipo pande mbili zilipokosea, kila moja kwa namna yake.

Upande wa kwanza ni wa madaktari walioona vipimo vikiwa safi, wakafunga faili. Kwao, kisichoonekana katika maabara hakipo. Mgonjwa alitoka mlangoni na uchovu wake uleule, akiwa ameongezewa aibu. Huo ni ukatili, hata ukivaa koti jeupe. Tunausema bila kiburi, maana sisi tuliutenda ubaoni na chaki mkononi.

Upande wa pili uliingia kwa mlango uleule uliofungwa na wa kwanza. Walikuja watu waliosema: "Sisi tunakuamini." Ni neno tamu kwa aliyekosa kuaminiwa. Lakini wengine waliliongezea neno la pili ambalo hawakuwa na haki ya kulisema: "Na dawa yetu itakuponya." Wakaagiza antibiotiki kwa miezi na hata miaka, zikiingizwa kwa serumu mshipani, kwa gharama ambayo mara nyingi familia ilijilipia yenyewe.

Je, zilisaidia? Swali hilo halikuachwa hewani. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya majaribio mawili ya Marekani yaliyohusu wagonjwa 129 waliobaki na maumivu baada ya kutibiwa Lyme. Nusu walipewa antibiotiki kwa miezi mitatu, nusu dawa bandia isiyo na nguvu, na mgonjwa hakujua amepewa ipi. Mwishoni waliopata nafuu walikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili. Mwaka 2016 Waholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa 280: majuma 12 ya antibiotiki zaidi hayakuongeza faida juu ya matibabu mafupi. Na madhara yapo. Mwaka 2000 madaktari wa Marekani walieleza habari ya mwanamke wa miaka 30 aliyewekewa mrija mshipani kwa zaidi ya miaka miwili ili apewe dawa hizo kwa ajili ya Lyme ambayo haikuthibitishwa. Mrija ukashika uambukizo, naye akafa. Hakuuawa na kupe.

Mikono inayogusa

Kati ya pande hizo mbili wamesimama wengine wanaostahili kutazamwa kwa utulivu: watu wa osteopatia na wa tiba inayounganisha njia mbalimbali.

Mwanzilishi wa osteopatia ni Andrew Taylor Still, mganga wa Marekani. Mwaka 1864 ugonjwa wa meninjiti ulimnyang'anya watoto watatu, na dawa zote alizozijua hazikuwaokoa. Tukumbuke kwamba dawa za wakati ule zilikuwa pamoja na zebaki na kasumba, na kwamba waganga walikuwa bado wakitoa watu damu. Baba aliyefiwa hivyo alikuwa na haki ya kuuliza kama tiba hiyo haiui zaidi ya ugonjwa. Mwaka 1874 alitangaza njia yake: kuurekebisha mwili kwa mikono, kuilegeza mifupa, viungo na misuli, ili mwili ujiponye. Mwaka 1892 alifungua shule huko Kirksville, katika jimbo la Missouri. Lalamiko lake lilikuwa la haki. Ahadi zake zilivuka mpaka, maana aliamini kwamba mikono ingeweza kutibu karibu kila ugonjwa. Warithi wake wa Marekani walijifunza. Leo daktari wa osteopatia huko husoma utabibu kamili, huandika dawa na kufanya upasuaji kama daktari mwingine. Katika Ufaransa mambo ni tofauti: sheria ililitambua jina la osteopata mwaka 2002, lakini wengi wanaolitumia si madaktari.

Kwa mgonjwa wa Lyme asiyepona, mtu wa osteopatia hufanya nini? Kwanza hukaa naye na kumsikiliza kwa muda mrefu. Kisha hugusa shingo, mgongo, mbavu; hulegeza misuli iliyokaza; humsaidia kupumua vizuri. Wengine hukandamiza kifua kwa mdundo wakitumaini kuharakisha mwendo wa limfu, yale maji ya mwili yanayobeba askari wa kinga. Wanyama waliofanyiwa hivyo katika maabara walionyesha kwamba limfu huenda kasi zaidi. Wenzao wa tiba ya kuunganisha huongeza mpango wa usingizi, chakula, mazoezi ya taratibu, na mimea. Mwaka 2020 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, walionyesha kwamba mmea wa Afrika Magharibi uitwao Cryptolepis, ambao Waghana huutumia dhidi ya malaria, uliua bakteria za Lyme ndani ya chupa za maabara.

Ndani ya chupa. Maneno hayo ni madogo, lakini yana uzito. Chupa haina ini, haina moyo, haina damu inayozunguka. Vitu vingi huua vidudu katika chupa na kushindwa katika mwili wa mtu, au kumdhuru mtu pamoja na vidudu. Hali kadhalika, limfu kwenda kasi si uthibitisho kwamba mgonjwa wa Lyme atapona. Hakuna jaribio lililothibitisha kwamba mikono ya osteopata huondoa bakteria hizo.

Basi tuwatupe? Hatusemi hivyo. Maumivu ya misuli yanaweza kutulizwa kwa mikono. Kila mtu aliyewahi kukandwa na bibi yake analijua hilo. Usingizi mzuri na kutembea kidogo kidogo humsaidia mtu aliyechoka. Kusikilizwa saa nzima na mtu asiyetazama saa ni msaada wenyewe, na madaktari wengine wangefanya vema kuuiga. Tunachodai ni kwamba kila kitu kiitwe kwa jina lake. Anayetuliza aseme: "Ninatuliza." Asiseme: "Ninaponya." Mkono unaofariji ni mkono mwema mpaka unapoanza kutoza bei ya muujiza.

"Kwani kuna ubaya gani?"

Tunajua mtakavyojibu, kwa kuwa tumelisikia jibu hilo mara nyingi vikundini mwenu. Mtasema: mgonjwa akijisikia vizuri, kuna ubaya gani? Ubaya upo mahali patatu. Upo katika fedha, maana anayelipia tumaini lisilo na msingi huuza mbuzi, halafu shamba. Upo katika wakati, maana aliyebandikwa jina la ugonjwa mmoja huacha kutafuta mwingine unaoweza kutibika. Na upo katika mwili, kama yule mwanamke mwenye mrija.

Wengine watasema: madaktari walimkosea Polly Murray, kwa nini tuwaamini leo? Jibu letu ni hili. Polly Murray hakushinda kwa kukataa uthibitisho. Alishinda kwa kuukusanya. Daftari lake lilikuwa la kisayansi kuliko mdomo wa wale waliompuuza. Aliyaamini maumivu yake kiasi cha kuyahesabu, kuyalinganisha, na kuyaweka mbele ya watu waliokuwa na uwezo wa kumpinga. Kumwamini mgonjwa na kuipima dawa ni kazi moja: anayempenda mgonjwa kweli hataki apewe kitu ambacho hakijajaribiwa.

Mnalijua fumbo hili kutoka katika Injili ya Marko. Mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka kumi na miwili alikuwa amekwenda kwa waganga wengi, ametumia mali yake yote, na hali yake ilizidi kuwa mbaya. Mwinjili hakuficha habari ya fedha. Na Bwana, alipoguswa, hakumwacha aondoke kimya katikati ya umati. Alisimama, akamtafuta, akamsikiliza mpaka akasema kweli yote. Hakumtoza kitu.

Kwetu hapa

Sisi hatuna Lyme, lakini tunao wasiopona. Tunaye dada ambaye kila mwezi analala siku mbili kwa maumivu ya tumbo, nasi tunasema anadeka. Tunaye kaka mwenye anemia ya selimundu anayeambiwa kwamba amerogwa. Tunaye mama aliyechoka tangu alipojifungua. Na karibu na kila mmoja wao amesimama mtu mwenye chupa moja inayotibu magonjwa kumi na mawili, au mwenye chumba ambamo mgonjwa wa kisukari huambiwa aache dawa zake ili aonyeshe imani. Kila tunapomcheka mgonjwa, tunamsukuma kwa mtu huyo. Sisi ndio tunaomtafutia wateja.

Kwa hiyo tunawaomba mambo mawili, tena yaende pamoja. La kwanza: mwenzenu akisema anaumwa, msimwite mvivu. Mkae naye; mwandike pamoja naye siku, saa na dalili; mmsindikize kituo cha afya, na karatasi hiyo iwe mkononi, kwa maana mwuguzi mwenye wagonjwa arobaini asubuhi moja husaidiwa sana na maandishi mafupi yaliyo wazi. La pili: mtu akimwahidi uponyaji, awe amevaa koti jeupe, kanzu au suti, mmwulize bila woga: Jambo hili limejaribiwa kwa wagonjwa wangapi, na likalinganishwa na nini? Linaweza kudhuru vipi? Lisipofaa, utasema lini kwamba halikufaa? Mkweli hukasirishwa mara chache na maswali ya namna hiyo.

Yule mvulana wa homa ya papasi sasa ni mtu mzima, ana watoto. Tulikutana naye sokoni miaka kadhaa iliyopita, tukamwomba radhi. Alicheka, akasema alikuwa ameshasahau. Kisha, kabla ya kuagana, alitutajia siku tuliyomwita mvivu, na benchi alilokuwa amekaa.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni nani kati yetu ambaye tumemwita mvivu au mwongo kwa sababu ugonjwa wake hauonekani?

2. Katika mtaa wetu, ni ahadi zipi za uponyaji zinazouzwa, na nani amewahi kuuliza uthibitisho wake?

3. Kikundi chetu kinaweza kumsindikiza nani kituo cha afya juma hili, na nani ataandika dalili zake?